Shurua Nyumbani kwa Ami

Mwaka huu vidole vyangu vilianza kuvimba kila asubuhi, hata kikombe nikawa nakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Daktari akaamua kunianzishia dawa ambayo hutuliza maumivu kwa kuupunguzia mwili ukali wake wa kupigana. Kabla ya kuianza akataka damu yangu ipimwe, ijulikane ni maradhi gani ya kuambukiza ambayo mwili wangu unayajua na yapi hauyajui. Majibu yalipokuja alinisomea mwenyewe. Ni binti wa watu wa Unguja, amezaliwa hapa hapa Maskati, na Kiswahili chake amekichukua kwa bibi yake.

"Shurua una kinga yake, Bibi," aliniambia. "Tena kinga nzuri. Uliwahi kuumwa?"

"Nnaambiwa niliumwa. Mwenyewe sikumbuki."

"Damu inakumbuka."

Hakusema hivyo kwa kupamba maneno. Alinieleza kama anavyomweleza kila mgonjwa. Kirusi cha shurua kikiingia, mwili hutengeneza kingamwili, vitu vidogo mno vinavyokishika kirusi kile na si kingine chochote. Mgonjwa akipona, zile chembe zinazojua kuzitengeneza hubaki ndani yake, na kirusi kikirudi, hata uzeeni, hukuta kimeshajulikana. Ndiyo maana mtu haugui shurua mara mbili.

Nikamshukuru nikaondoka. Njiani mwanangu alipita barabara ya pwani ya Mutrah, nikamwambia apunguze mwendo. Pale zinapofunga meli za watalii siku hizi palikuwa ufukwe mtupu, na nyuma yake nyumba za watu. Nilitafuta kwa macho mahala ilipokuwa nyumba ya Ami Khalfan. Sikupaona, na sikutaka kushuka kupatafuta.

Ami Khalfan alikuwa ndugu yake baba. Ujanani aliishi Unguja, kisha akarudi Oman kabla mimi sijazaliwa, akaoa, akafungua duka la vitambaa Mutrah. Sisi tulifika kwake baada ya mapinduzi: Mama, mimi na mdogo wangu Suleimani. Baba alitangulia Kuwait kutafuta kazi, akatuacha kwa nduguye mpaka atakapopata pa kutuweka. Nilikuwa na miaka minane hivi, Suleimani mitano.

Nyumba ilikuwa ndani ya ukuta wa mji, ya udongo na chokaa, vyumba viwili juu na viwili chini. Tulichopewa sisi kilikuwa cha chini, kilichokuwa ghala ya tende. Sakafu yake ilikuwa na mifereji midogo iliyopangwa sambamba kama mistari ya daftari. Zamani makanda ya tende yalirundikwa juu yake, na asali yao ikichirizika kwenye mifereji ile mpaka kwenye mtungi uliozikwa pembeni. Mama aliisugua sakafu kwa majivu na maji ya bahari, lakini utamu haukutoka. Tukiamka tulikuwa na mistari mgongoni na sisimizi miguuni, na mpaka leo harufu ya tende zilizochacha kidogo hunifanya nitake kujikuna.

Juu alikaa Ami na mkewe, Bi Zuweina, na watoto wao wawili: Thuraya, aliyekuwa rika langu, na Muhanna, kichanga ambaye alikuwa hajaanza kukaa. Bi Zuweina alizaliwa katika kijiji cha milimani, huko ndani, ambako mgeni akifika watu humzungumza mwaka mzima. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa bado kijana, na siku moja aliletewa watu watatu wasioijua lugha yake, wanaopika vitu vyenye nazi pale ilipopatikana, wanaocheka kwa sauti. Alikuwa amesikia kwamba Afrika ni nchi ya maradhi. Akatutengea sahani zetu na kopo letu la maji, akamwambia Thuraya asicheze nasi.

Thuraya alicheza nasi. Tulikutana kwenye ngazi mchana, mamake akilala, tukarushiana kokwa za tende. Hatukuwa na lugha moja, kwa hivyo yeye alinyoosha kidole na mimi nikataja, kisha mimi nikanyoosha naye akataja. Maneno yangu ya mwanzo ya Kiarabu niliyapata pale, na yalikuwa maneno ya ngazini: *nayim*, amelala, kwa ajili ya mamake, *khalas*, imekwisha, mchezo ukimalizika, *ma shay*, hakuna, mikono ikiwa mitupu. Kwa maneno hayo na mengine machache nilijiona nimeshakuwa Mwarabu.

Shurua, ambayo wenyeji wanaiita *hasba*, iliingia mtaani joto lilipoanza kupanda. Ilianza kwa watoto wa nyumba za nyuma. Kisha Thuraya akaja kwenye ngazi macho yake mekundu yanachuruzika, nikadhani amepigwa. Alikuwa anakohoa, na kila akitazama mlangoni kwenye mwanga anaufunika uso kwa mkono. Mama alitoka, akamtazama. Akazisukuma nywele zake, akaangalia nyuma ya masikio, kisha akazirudisha nywele mahala pake kwa upole sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtu.

"Nenda kwa mamako, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili. "Mwambie akuweke gizani."

Thuraya hakuelewa isipokuwa kwamba ameambiwa aende. Muhanna naye akashikwa siku chache baadaye.

Nyumba ikawa kimya. Ami Khalfan hakuwa akifungua duka. Siku moja mchana alikuja akasimama mlangoni kwetu. Alikuwa mtu mpole, na aliposema jambo zito alilisema akiutazama ukuta.

"Shemegi," alimwambia Mama, "Zuweina anauliza mbona watoto wako hawakushikwa."

"Wangu wameshatoka," alisema Mama. "Wote wawili. Huyu alikuwa na miaka minne, na huyu ndiyo kwanza anatambaa. Iliingia mtaani kwetu Malindi, watoto wote wakatoka pamoja."

Ami akapanda juu. Tukasikia sauti ya Bi Zuweina, ndefu, haipandi wala haishuki. Ami akarudi.

"Anauliza nani aliona."

"Niliona mimi. Aliona bibi yao. Waliona majirani."

"Anasema wewe ni mama yao, huwezi kuwa shahidi. Na hao wengine wako wapi?"

Bibi alibaki Unguja na khabari zake hatukuwa nazo. Majirani wengine walikuwa Dar es Salaam, wengine Dubai, wengine hatukujua wako wapi wala kama wako.

"Anasema tena," aliendelea Ami, na sasa alikuwa karibu ameupa ukuta uso mzima, "kwamba vichanga wa mtaani rika la Muhanna hakuna aliyeumwa. Hata wale ambao kaka zao wako hoi. Wa kwake peke yake. Anasema hilo halina maana isipokuwa jicho la husuda."

"Jicho la nani, shemegi?"

"Mimi sisemi. Nnakuletea maneno yake."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama nikimfunga Suleimani vifungo vya shati, na nilikuwa nimelishika neno moja. Wameshatoka. Mimi nilijua vizuri tumetoka wapi. Tulitoka Unguja kwa meli, tukalala juu ya mizigo, na Mama hakutazama nyuma. Kwa hivyo nilielewa kwamba shurua haiwashiki watu waliotoka kwao. Kwa akili yangu hilo lilikuwa na haki yake: maradhi yanapita, yanakuta watu tayari wameshapata taabu, yanawaruka. Thuraya hakuwahi kutoka popote. Hata Qantab, ambako Ami alikuwa na jamaa, hakuwahi kufika. Ndiyo maana akaumwa. Nilimwonea huruma sana.

Ami alipoondoka nikamuuliza Mama, "Thuraya akitoka kidogo tu, akaenda mpaka Maskati akarudi, haitoshi?"

Mama alinitazama. Ilimchukua muda kuelewa nimesema nini, na alipoelewa alinivuta karibu.

"Si kutoka huko, mwanangu. Ni kutoka shurua. Mtu anaumwa, vipele vinatoka mwilini, vinakauka, anapona. Huyo ndiye ameshatoka. Haimrudii tena maisha yake."

"Hata akilala na mgonjwa?"

"Hata akilala naye."

"Basi mimi haiwezi kunishika?"

"Haiwezi."

Nikalihifadhi jambo lile kama mtu aliyepewa ufunguo. Niliwahi kuumwa maradhi nisiyoyakumbuka, na sasa nilikuwa nimeshatoka. Nilijitazama mikono na sikuona tofauti.

Siku ya pili Ami alikuja na khabari nyingine. Alisema yuko mama mmoja mjane Qantab, jamaa yake, ana chumba. Wakati ule hapakuwa na barabara ya kufika huko. Mtu alizunguka kwa mashua chini ya majabali mpaka kwenye kijighuba chao. Alisema itakuwa kwa muda tu, mpaka watoto wapone na Zuweina atulie.

"Sawa, shemegi," alisema Mama.

Alizikunja nguo zetu, ambazo hazikuwa nyingi, akazitia kwenye kanga na kuifunga. Kisha akaifungua, akazikunja upya. Suleimani alikuwa amefurahi kupanda mashua. Mama alikaa juu ya mzigo ule akiupa mgongo mlango, na nilimsikia akisema, si kwangu, "Mara ngapi, ya Rabbi. Mara ngapi."

Asubuhi ya kuondoka, Bi Zuweina hakuweza kusimama.

Baadaye ilijulikana kwamba kule kijijini kwao milimani shurua haikupata kufika alipokuwa mtoto, au ilifika ikapita nyumba yao. Alikuwa mtu mzima ambaye hajapata kuumwa, na mtu mzima shurua humchukua kwa nguvu kuliko mtoto. Homa ilimpanda akawa anasema na watu wa kwao waliokufa. Ami alikimbilia hospitali ya Mutrah, kwa daktari wa kizungu, akakuta ukumbi umejaa kina mama waliobeba watoto wenye vipele. Alirudi na maneno ya daktari: chumba kiwe na giza, wanywe maji mengi yaliyochemshwa, macho yaoshwe, na asiwauguze mtu ambaye hajaumwa.

Majirani wanawake walisimama mlangoni na sufuria za supu, wakaziweka chini, wakarudi. Kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani ambaye bado hajaumwa. Sikuwalaumu wakati ule, na sasa pia siwalaumu.

Ami alikuja tena mlangoni kwetu. Mara hii alimtazama Mama usoni.

"Shemegi, nimekuja kukuomba."

"Yeye mwenyewe anataka?"

"Yeye hajui hata yuko wapi."

Mama aliutazama mzigo wa kanga uliokuwa umefungwa. Kisha akaniambia, "Chukua ndoo."

Hivyo ndivyo tulivyopanda juu. Sikuwahi kuingia chumba kile. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, na hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya homa, ubani, na ndimu kavu zilizochemshwa. Thuraya alikuwa amelala kwenye kona, uso umevimba, vipele vimeungana vikawa rangi moja. Aliponiona alitaja neno la Kiswahili nililomfundisha, "paka," kwa kuwa ndilo lililomjia. Mama alianza na macho yao. Alichovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, akafuta kutoka ndani kwenda nje, kila jicho na kitambaa chake. Bi Zuweina aliamini kwamba mwenye hasba haguswi na maji, na kila Mama alipomkaribia alifunga mdomo na kugeuza kichwa. Mama alikaa. Alisubiri. Kichwa kikichoka kugeuka, alitia kijiko kimoja. Kisha akasubiri tena. Sahani na vikombe vyote vya nyumba ile vilichanganyika siku hizo, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuvitenga.

Kazi yangu ilikuwa kumpepea Thuraya na kumpakata Muhanna. Alikuwa mwepesi, wa moto, kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Siku za mwanzo alilia. Kisha akaacha kulia, na mimi nikaona ni nafuu. Kila akivuta pumzi, kifua chake kiliingia ndani chini ya mbavu, na pua zikatanuka. Maziwa ya mamake yalikuwa yamekauka kwa homa. Mama alimdondoshea maziwa ya mbuzi kwa kitambaa kilichosokotwa, tone baada ya tone, naye aliyaachia yakamchirizika shavuni. Mama akaona chumba cha chini kina hewa baridi zaidi, akamshusha kwetu, akawa anapanda na kushuka.

Asubuhi moja nilitoka kumwaga maji machafu. Niliporudi na ndoo, Ami alikuwa anaingia chumbani kwetu. Mama alikuwa amekaa chini, amempakata Muhanna.

"Shemegi," alisema Mama, "Muhanna katutoka."

Ami akakaa pale pale, juu ya ile mifereji ya sakafu, akaweka mikono magotini.

Mimi niliyasikia maneno yale kutoka mlangoni na nikayaelewa. Mara hii sikukosea, nilijiambia, kwa sababu nimeshafundishwa. Muhanna ametoka. Nilimtazama mapajani pa Mama na nikaona ni kweli: kifua hakikuwa kikiingia ndani tena, pua zimetulia, uso hauna taabu. Hakuwa amependeza hivyo tangu aanze kuumwa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilidhani amechoka. Nikaiweka ndoo chini, nikapanda ngazi.

Bi Zuweina alikuwa macho. Siku hiyo alikuwa dhaifu kuliko siku zote, midomo imepasuka. Nilichuchumaa kando ya godoro lake nikakusanya Kiarabu changu chote.

"Muhanna khalas," nikamwambia. "Ma shay hasba."

Akageuza macho. "Khalas?"

"Khalas."

Kisha akauliza, kwa sauti ya pumzi tu, "Nayim?"

Nilikumbuka nilivyomwona. "Nayim," nikasema.

Alisema alhamdulillah, akatoa mkono chini ya shuka akanishika kifundo cha mkono. Hakuwahi kunigusa kabla ya hapo. Aliushika mkono wangu mpaka akalala, na alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu homa imshike, usio na maneno wala kutapatapa. Thuraya naye alikuwa amelala. Nilikaa pale nikiwatazama, nimeridhika sana na kazi yangu.

Niliposhuka, Muhanna alikuwa amelazwa juu ya mkeka, amefunikwa mpaka usoni.

"Nimeshamwambia mamake," nikasema.

Mama aligeuka. "Umemwambia nini?"

"Kwamba Muhanna ametoka. Amefurahi. Amelala."

Mama akamtazama Ami, na Ami akamtazama Mama. Hakuna aliyenikemea. Ami alikuwa ameshikilia ncha ya shuka la mtoto, akiikunja na kuikunjua.

"Muache alale," alisema mwisho. "Homa ikishuka nitamwambia mimi."

Mama alinichukua nje, kwenye kivuli cha ukuta, akanieleza kwamba kutoka kuna namna nyingi, na hii ni namna ambayo mtu hutoka asirudi. Alinieleza taratibu kuliko alivyonieleza ile ya kwanza. Alipokwisha akarudi ndani, akachemsha maji, akafunga mlango. Hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumsaidia kumwosha. Mchana wanaume wachache walikuja, wakavua viatu nje ya mlango ili wasisikike juu, wakamchukua. Ami alimbeba mwenyewe. Suleimani aliuliza kama wanampeleka Qantab.

Nilimuuliza yule daktari wangu wa sasa, kabla sijatoka chumbani kwake, jambo ambalo lilinikaa miaka yote: kwa nini vichanga wengine wa mtaani hawakuumwa. Alisema ni jambo linalojulikana. Mtoto akiwa tumboni, mama humpa kingamwili zake, na hizo humlinda miezi ya mwanzo. Lakini mama hutoa alichonacho. Ikiwa mwenyewe hakupata kuumwa wala kuchanjwa, hana cha kumpa. Nilimwambia nimeelewa. Kwa hivyo Bi Zuweina alikuwa ameona sawa, kwamba Muhanna peke yake ndiye aliyekuwa mtupu mbele ya maradhi yale. Sababu tu ndiyo hakuijua. Mutrah nzima wakati ule hakutokea mtu wa kumwambia, na mimi naona ilikuwa kheri. Sasa ni marehemu, na mambo hayo hayamfikii.

Siku zile za homa Bi Zuweina alimuulizia mtoto wake kila siku, na kila siku Ami alimwambia yuko chini, amelala, daktari amekataza asiletwe karibu na homa. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Thuraya alipona kwanza, akawa anakaa kwenye ngazi kwa muda mfupi, ngozi inambabuka. Kisha homa ya Bi Zuweina ikavunjika. Siku aliyoweza kusimama hakungoja mtu. Alishuka akishikilia ukuta, akaingia chumbani kwetu, akatazama kona moja baada ya nyingine. Mama alisimama. Ami alikuja mbio nyuma yake, akamwambia pale pale, kwa Kiarabu ambacho sikukijua chote lakini hakikuwa kirefu. Hakupiga kelele. Alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, akarudi juu kwa miguu yake.

Siku kadhaa hatukumwona. Ami hakutaja tena mashua ya Qantab, na Mama aliufungua ule mzigo wa kanga bila ya kuuliza. Alipika, akampa Ami sahani azipandishe, na sahani zikarudi zimeguswa kidogo. Mimi nilikaa mbali na ngazi. Mama aliniambia sikufanya kosa, lakini jinsi yule mwanamke alivyonitazama sikuweza kuiondoa machoni, na sikujua ni mtazamo wa namna gani.

Kisha alasiri moja alishuka. Ami alikuwa amerudi dukani, Thuraya kalala. Bi Zuweina aliingia akaketi sakafuni mbele ya Mama, mtandio umemshuka mabegani, nywele hazijachanwa tangu augue. Alianza kusema. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa kwamba haelewi. Bi Zuweina akanigeukia mimi. Akalirudia neno lake pole pole, kama Thuraya anavyonifanyia.

"Anauliza nani alimwosha Muhanna," nikamwambia Mama.

"Mwambie mimi."

Nikamwambia. Akauliza jingine. Ami alikuwapo chumbani? Hakuwapo, alisema Mama, alikuwa nje, hakuweza. Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Uvuguvugu. Mama alisema aliyajaribu kwanza kwa kiwiko, kama anavyofanya kwa mtoto aliye hai. Kiwiko sikukijua kwa Kiarabu, nikakigusa changu. Bi Zuweina akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama macho yalikuwa yamefumba. Yalikuwa yamefumba. Alifumbwa au alifumba mwenyewe? Mwenyewe. Akauliza alikuwa kwa nani roho ilipotoka.

Mama akayagonga mapaja yake kwa viganja. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Wakaendelea hivyo, mmoja akiuliza na mwengine akijibu, na mimi katikati nikibeba maneno huku na huku, mengine nikiyaangusha na kuyaokota tena. Wote wawili walinisubiri. Hakuna aliyelia. Sauti ya Bi Zuweina ilikuwa ya mtu anayetaka kujua njia ya kufika mahala, ageuke wapi na asimame wapi, kwa sababu hakuwapo na anataka kupita mwenyewe.

Mwisho akauliza juu ya nywele zake. Muhanna alizaliwa na nywele nyingi, nyeusi, zilizomfika masikioni.

"Zilikuwa zimegandana kwa jasho," alisema Mama. "Sikutaka kumtilia kitana. Nilizichambua kwa vidole, moja moja, mpaka zikalala."

Nikafungua mdomo, nikakuta sina neno. Si la kugandana, si la kuchambua. Nilijaribu kwa mikono hewani, na Bi Zuweina akanikunjia uso, hajaelewa. Mama alikuwa ananitazama naye pia. Basi nikasogea kwa magoti mpaka karibu yake, nikatia vidole vyangu kwenye nywele zake, hapo juu ya sikio palipofungamana, nikavipitisha taratibu. Nilidhani atanitoa mkono. Badala yake aliinamisha kichwa, ili nipate kufika.